Tarakimu Sita Kwenye Skrini Mbili

Kifaa cha kuonyesha njia kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari, kiwe cha Garmin au TomTom, hakizungumzi na setilaiti. Kinasikiliza tu. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa kikizinasa nne, kinakokotoa gari liko wapi. Ramani kinayo ndani yake. Ndiyo maana dereva wa watalii akishika njia za mbugani ambako simu haishiki mtandao, kifaa kinaendelea kumwonyesha pa kukata kona.

Kisichokuwa nacho ni habari za leo: lori limepinduka wapi, foleni imeishia wapi. Ulaya, habari hizo zilikuwa zikipitishwa kwenye matangazo ya redio ya FM bila msikilizaji kuzisikia, kwa kasi ndogo mno. Siku hizi kifaa huazima intaneti ya simu. Katika nchi zenye huduma hiyo, taarifa za foleni huingia kwenye simu kwa bando lako, kisha huvushwa hadi kwenye kifaa kwa Bluetooth. Ukipigiwa simu, unaongea kupitia kifaa hichohicho, mikono ikibaki kwenye usukani.

Kuoanisha simu na kifaa ni kazi ya muda mfupi. Unawasha Bluetooth pande zote mbili, unachagua jina la kifaa kwenye simu, na tarakimu sita zinatokea kwenye kila skrini. Unaulizwa kama zinafanana. Watu wengi hubonyeza kukubali bila hata kutupa jicho, na hapo wanaruka hatua pekee iliyohitaji macho ya binadamu.

Tarakimu hizo si nywila. Siri yenyewe imekwisha kutengenezwa, tena hadharani, kwa hesabu ambayo mtu anaweza kuijaribu kwa kikokotoo. Tuseme wote wanajua namba mbili, 3 na 17. Simu inachagua siri yake, 6; kifaa kinachagua 7. Simu inazidisha 3 kwa yenyewe mara sita, yaani 3×3×3×3×3×3, inapata 729, inagawanya kwa 17 na kutuma baki, 15. Kifaa kinafanya vivyo hivyo kwa 3 saba, kinapata 2,187, na kutuma baki, 11. Sasa simu inachukua 11 sita na kuzizidisha: 1,771,561, baki 8. Kifaa kinachukua 15 saba: 170,859,375, baki 8. Wote wana 8, na 8 haikupita hewani kamwe. Bluetooth hutumia hesabu ya jamii hiyo yenye umbo tofauti kidogo, na namba zake zina tarakimu makumi kadhaa, hivyo anayedukua hawezi kurudi nyuma kutoka kwenye baki hadi kwenye siri.

Udhaifu uko kwingine. Mtu mwenye kompyuta kwenye gari la jirani anaweza kujifanya kifaa mbele ya simu, na simu mbele ya kifaa, akafanya hesabu na kila upande. Tarakimu sita ziko kwa ajili yake. Zinakokotolewa kutokana na namba ambazo kila upande umetuma na kupokea, kwa hiyo mtu akikaa katikati, skrini mbili zitatofautiana. Nafasi yake ya kuponea kwa bahati ni moja katika milioni.

Baada ya hapo mawasiliano huruka kati ya masafa 79, mara 1,600 kwa sekunde. Wapo wanaodhani huko kurukaruka ndiko kunakoficha maongezi; kazi yake hasa ni kukwepa vurugu za Wi-Fi na vifaa vingine vinavyogombea masafa hayohayo. Kinachoficha ni ufunguo unaotokana na ile siri ya pamoja.

Ufunguo huo huhifadhiwa pande zote mbili, ndiyo maana kesho vitaungana bila kukuuliza. Ukifutika upande mmoja, labda kwa kurejesha kifaa kilivyotoka kiwandani, simu itaendelea kuonyesha jina lake kwenye orodha huku ikishindwa kuungana. Kuzima na kuwasha hakusaidii. Futa jina hilo kwenye simu, futa la simu kwenye kifaa, kisha oanisha upya, na safari hii zitazame zile tarakimu.