Kiburi cha Mashujaa wa Homer



Tunapofundisha juu ya kiburi tumezoea kumchora mtu mmoja tu: yule atembeaye kifua mbele akijisifu mbele za watu. Mtu huyo yupo, lakini madhara yake si makubwa. Watu humcheka, kisha huendelea na shughuli zao. Leo napenda tukitazame kiburi cha namna nyingine, kile kisichoweza kutamka neno “nimekosa”. Sijaona mahali kilipoelezwa vizuri zaidi kuliko katika Iliad, utenzi wa kale wa Wagiriki ambao mapokeo humpa Homer sifa ya kuutunga. Wataalamu wengi huuweka katika karne ya 8 au ya 7 kabla ya Kristo.

Utenzi huo una mistari zaidi ya 15,000, lakini hausimulii vita vyote vya Troy. Unasimulia ugomvi wa wiki chache tu katika mwaka wa 10 wa vita hivyo, na ugomvi wenyewe waanza na mzee. Chryses, kuhani wa Apollo, anafika kambini mwa Wagiriki na fidia nyingi ili amkomboe binti yake aliyetekwa. Askari wote wanataka apokewe kwa heshima. Agamemnon, mfalme mkuu, anamfukuza kwa maneno makali. Kwa siku tisa tauni inaua wanyama na watu, na kuni za kuchomea maiti hazizimiki.

Hatimaye mfalme analazimika kumrudisha binti yule. Je, anakiri kosa? La. Anamgeukia Achilles, mpiganaji hodari kuliko wote, aliyethubutu kuitisha baraza, naye anamnyang'anya Briseis, mwanamke aliyepewa kuwa tuzo yake ya vita. (Briseis naye alikuwa mateka, katika utenzi mzima tunamsikia akisema mara moja tu, tena akilia.) Tendo hilo Achilles analiita kwa neno la Kigiriki, hubris. Siku hizi neno hilo hufasiriwa kuwa kiburi, ila kwa Wagiriki wa kale lilikuwa na maana ya kumdhalilisha mwenzako kwa makusudi. Miaka mingi baadaye, huko Athens, mtu aliweza kushtakiwa mahakamani kwa kosa hilo.

Hadi hapo mwenye haki ni Achilles. Lakini tazameni anavyoitumia haki yake. Anajitenga na vita, kisha anamsihi mama yake, Thetis, amwombe Zeus awape ushindi adui, ili Wagiriki wenzake wafe mpaka mfalme atambue amemdharau nani. Wale wanaokufa hawakumkosea neno.

Wanapozidiwa, Agamemnon anatuma wajumbe na zawadi: dhahabu, farasi 12, miji 7, na Briseis mwenyewe. Hata hivyo yeye haendi, na mwisho wa ujumbe wake anaongeza kwamba Achilles ni lazima amnyenyekee, kwa kuwa yeye ndiye mfalme mkubwa zaidi. Odysseus, mjumbe mwerevu, anayataja yote isipokuwa maneno hayo. Achilles anakataa vilevile. Nadhani aliyasikia hata bila kutamkwa. Radhi iombwayo kwa mali tu hunuka kutoka mbali. Lakini aliyelipia kukataa huko ni Patroclus, rafiki yake wa moyoni, aliyeingia vitani amevaa silaha za Achilles akauawa na Hector. Ndipo Achilles alipoilaani hasira yake mwenyewe.

Naye Hector, mlinzi wa Troy, mume na baba mwema, ana kidonda kile kile. Usiku ule Polydamas anamshauri alirudishe jeshi ndani ya kuta. Anakataa, na kesho yake wengi wanaangamia. Wengine wanapokimbilia mjini, yeye anabaki nje ya lango. Baba na mama wanamsihi kutoka ukutani. Moyoni anawaza kwamba akiingia, Polydamas atakuwa wa kwanza kumlaumu, na kwamba watu watasema aliwapoteza kwa kuziamini mno nguvu zake. Anaona heri kifo kuliko kuyasikia hayo. Kwa aibu hiyo mji mzima unampoteza mlinzi wake.

Achilles anaiburuta maiti yake nyuma ya gari la farasi, siku baada ya siku. Kisha, kama mwanzoni, anakuja mzee mwenye fidia: Priam, mfalme wa Troy, anavuka usiku mpaka hema la adui na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Achilles anamkumbuka baba yake mwenyewe aliye mbali. Wanalia wote wawili, kila mmoja wafu wake, kisha wanakula pamoja. Kabla ya kulala anamwuliza mzee anahitaji siku ngapi za mazishi. Priam anaomba siku 11, na siku ya 12 wapigane ikiwa ni lazima. Achilles anamshika mkono, anamkubalia.