Ujira wa Kusikiliza

Kijana wa Shanwe, pale Manispaa ya Mpanda, akishikwa na sonona, daktari bingwa yuko mbali naye. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma, na treni ya Mpanda huzungukia Kaliua na Tabora kabla ya kufika huko. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katavi, mkoa ilimo Mpanda, ina mzigo wake wa ziada: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito, kiwango kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote nchini. Mbele ya hali hiyo jawabu huja haraka: tuanzishe asasi, tutafute vijana wenye moyo wa kujitolea, tuwape semina ya siku tatu. Mimi naona moyo huo wa kujitolea ndiyo nguzo dhaifu kuliko zote. Wasio madaktari wanaiweza kazi hii, tena vizuri, ilimradi walipwe na wawe na mtu mwenye ujuzi anayewasimamia kila wiki.

Ushahidi unaotajwa sana unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na akina bibi 14 wa Mbare, kitongoji cha Harare, akiwafundisha kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi huuliza maswali 14 ya kujibu ndiyo au hapana kuhusu wiki iliyopita: umekosa usingizi, tumbo limekuuma, umelia au umetaka kulia, kazi zako zimelala, umewaza kujiua? Kisha wawili hao huchagua tatizo moja tu kati ya yote, na mgonjwa huondoka na hatua ndogo ya kujaribu kabla ya kurudi. Matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa watu 573 yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi, na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Habari hii hupenda kusimuliwa kama sifa ya hekima ya bibi wa Kiafrika, na hekima ipo kweli. Linalorukwa ni kwamba bibi hao walikuwa tayari wahudumu wa afya kwenye orodha ya jiji la Harare, wakifuata utaratibu ulioandikwa, na nyuma yao walikuwapo wasimamizi waliosomea kazi hiyo. Ukichukua benchi ukaacha hayo mengine, unabaki na benchi.

Waliopimwa Harare walikuwa watu wazima. Kwa vijana tutazame Kenya, ambako Tom Osborn na wenzake waliasisi taasisi ya Shamiri mwaka 2018. Wanaoongoza vikundi vyao shuleni ni vijana waliomaliza sekondari karibuni, na mazungumzo ni ya saa moja kwa wiki, wiki nne basi. Hawaanzi na neno ugonjwa. Wanazungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, juu ya kushukuru, juu ya mambo anayoyathamini, na mwanafunzi anaandika yake mwenyewe. Katika majaribio ya wanafunzi 413, yaliyochapishwa mwaka 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokaa kwenye vikundi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya miezi saba. Mtu atauliza, na ana haki: kijana wa miaka 20 atatambuaje mwenye maradhi mazito, anayesikia sauti au aliyekwisha panga kujiua? Peke yake anaweza asitambue. Ndiyo maana Shamiri ina ngazi: juu ya kiongozi wa kikundi yuko msimamizi, na juu ya msimamizi yuko mtaalamu anayempokea yule aliyezidiwa.

Kwa kata kama Shanwe, msimamizi ana kazi nyingine ambayo Nairobi haiisikii sana. Mshauri na anayeshauriwa huchota maji bomba moja, huabudu mahali pamoja, pengine ni binamu. Lazima awepo mtu wa kuamua kwamba kesi hii isiende kwa fulani kwa kuwa ni jirani, kwamba daftari liandikwe namba badala ya jina, na kwamba siri moja tu haifichwi: ya uhai kuwa hatarini. Hapo pana kikwazo cha sheria pia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na mzazi anayeogopa polisi anaweza kumficha mtoto anayehitaji hospitali. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinapingana na katiba. Kijana wa kujitolea, asiye na mkataba wala mkubwa wa kumpigia simu saa nne usiku, anabebeshwa yote haya, na akichoka anaondoka kimyakimya.

Wengine watasema haya yote yana wenyewe: mashangazi, wazee wa ukoo, mashehe, mapadri na wachungaji. Siwadharau; mara nyingi ndio wa kwanza kuona kwamba mtoto hali wala halali. Ila shangazi ana upande. Binti akipata mimba, mzee yuleyule anayetakiwa kumsikiliza ndiye anayejadili fidia na familia ya mvulana. Wengine wanahofia kwamba ujira utawavuta wasio na wito. Huenda, lakini mbona hatumwambii muuguzi afanye kazi bure ili tuuone wito wake? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii unapendekeza walipwe kulingana na kazi, na Tanzania yenyewe ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwapata zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Asasi ya vijana ingefanya vyema kujishikiza hapo, na kwa walimu wa malezi, maofisa ustawi wa jamii na namba 116 ya bure ya kupokea simu za watoto, badala ya kujenga kisiwa chake.

Basi mfadhili akifika Mpanda na andiko la mradi, ukurasa wa kusomwa kwanza ni wa mishahara. Kama fulana, mabango na siku ya uzinduzi vina fungu lakini msimamizi hana, andiko lirudishwe. Na kama msimamizi yumo, Halmashauri iulizwe mapema: miaka miwili ya mfadhili ikiisha, mshahara huo utaingia kifungu gani cha bajeti yake?