Mtambo wa Gumegume Usirudishwe kwa Nguvu

Mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 2 Julai, 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na visiwa vilivyo karibu na pwani hadi maili 100 za bahari. Lakini bunduki za gumegume, zisizo na mifuo ndani ya kasiba, ziliachwa zipite kwa masharti. Si ajabu basi hata leo bunduki, na pengine bastola, ya namna hiyo ikitokea sandukuni mwa marehemu babu.

Linalotusikitisha ni yale yanayotendwa baadaye. Mwenyewe hutwaa msasa, akasugua hadi chuma king'ae, na alama ya mhunzi aliyeifua ikapotea kabisa.

Kwanza na ijulikane kama imeshindiliwa. Hutiwa mdeki wa mti mpaka ugote, ukawekwa alama penye mdomo wa kasiba, kisha ukalazwa kwa nje. Ncha yake isipofika usawa wa kifa, ndani mna kitu. Na baruti ya miaka 100 iliyokaa pakavu ingali baruti. Kazi ikome hapo, polisi waitwe.

Kufungua ni kwepesi, kurudisha ndiko kwenye kazi. Parafujo za zamani zilichongwa moja moja kwa mkono, wala hii haikubali tundu la ile. Fundi hodari hutoboa ubao, akachomeka kila moja mahali pake tangu anapofungua. Katika bamba la mtambo hurudi kwanza kile kigurudumu chenye mapengo mawili, moja la usalama na moja la kufyatulia, kisha kipande kinachokishikilia, kisha ulimi unaonasa mapengoni na kamani yake ndogo. Nyundo hufungwa kwa nje. Kamani kubwa huja mwisho, nayo ndiyo ivunjikayo: hubanwa kwa jiliwa ndogo, ikaingizwa ingali imebanwa, ikaachiliwa taratibu. Wa koleo na papara huivunja, au hurudi nyumbani na kidole kilichofungwa kitambaa.

Pengo la usalama likiwa limelika, nyundo huweza kuanguka bila kifyatuo kuguswa. Mafuta yawepo, maana hewa yetu ina chumvi, lakini yakizidi hunywewa na mti wa kitako ukalainika. Kasiba hutangulia kulala kitakoni, ndipo mtambo ufuate. Penye jiwe la gumegume na pawekwe kipande cha mti, kwani chombo cha makumbusho hakina haja ya cheche.

Tunawaomba wakuu wanaohusika na mambo ya kale wawafundishe kazi hii vijana wawili watatu, badala ya kuwaachia mafundi wa baiskeli. Kila silaha ipigwe picha kabla ya kufunguliwa. Kipande kipya kikitiwa, kiandikwe daftarini; na kile cha zamani, hata kikiwa kimevunjika, kifungwe mfukoni na kuhifadhiwa pamoja na silaha yake.