Mafundisho ya kila siku: bidoni, sahani na jembe



Tukiulizwa amani inafundishwa wapi, wengi wetu tunafikiria semina: karatasi kubwa ukutani, chai ya saa nne, na mtu kutoka mjini anayeeleza. Semina zina faida yake, nasi pia tunaziandaa. Lakini mtoto wa miaka sita hajaingia semina hata moja, na tayari anajua jinsi watu wanavyogombana na jinsi wanavyopatana. Amejifunza kwetu, nyumbani, kwenye robine, shambani na njiani kwenda sokoni. Basi tuyatazame machache kati ya hayo anayoyaona, hasa sisi tuliohama makwetu pamoja na wale waliotupokea.

Tuanze na maji, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Mashirika mengi ya misaada hufuata kipimo cha angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, na robine moja kwa watu wasiozidi 250. Robine hiyo inahesabiwa kutoa lita 7.5 kwa dakika. Sasa tupige hesabu pamoja. Bidoni ya lita 20 inajaa kwa muda unaokaribia dakika tatu, na hapo ni pale maji yanapotoka vizuri. Zikiwa bidoni 60 kwenye mstari, mtu wa mwisho anangoja zaidi ya saa mbili na nusu. Nguvu ya maji ikishuka hadi nusu, atangoja zaidi ya saa tano.

Mama aliyeacha mtoto mwenye homa nyumbani anamwona mwenzake wa mbele ana bidoni nne. Hasira inampanda. Neno la kwanza ni juu ya bidoni. Neno la pili ni juu ya kabila. Kufika jioni, habari inayotembea ni kwamba "watu wa kule" wamewanyima wenzao maji, na hakuna anayekumbuka tena kwamba robine ilikuwa inadondosha tu.

Ndiyo maana tunawaomba viongozi wafanye jambo moja kabla ya kuuliza nani alimtukana nani. Wachukue bidoni na saa, waende kwenye robine, wapime inajaa kwa dakika ngapi. Kisha wahesabu bidoni zilizo kwenye mstari. Hasira haitaisha kwa hesabu, lakini itajulikana imetoka wapi. Baada ya hapo watu wenyewe wanaweza kukubaliana kanuni, kwa mfano kila mmoja ateke bidoni mbili kwanza, mwenye zaidi arudi nyuma ya mstari. Na tusiwasahau watoto waliotumwa. Mtoto ndiye anayesukumwa kwa urahisi zaidi, halafu akirudi nyumbani na bidoni tupu anagombezwa mara ya pili. Tujiulize amejifunza nini siku hiyo juu ya mwenye nguvu na asiye na nguvu.

Fundisho la sahani ni fupi zaidi. Katika nyumba zetu nyingi watoto hula pamoja, bugali na sombe, na siku njema sambaza kidogo. Wazazi wengi wametulea kwa sheria hii: anayegawa samaki huchukua fungu lake mwisho. Akikata vibaya, kipande kibaya ni chake. Hakuna polisi anayehitajika hapo! Kamati za kugawa misaada zingeweza kufuata sheria hiyohiyo. Majina yasomwe kwa sauti mbele ya watu wote siku moja kabla ya ugawaji, ili aliyesahauliwa aseme mapema, na wanakamati na jamaa zao wapokee wakiwa wa mwisho. Orodha inayofichwa mfukoni huzaa maneno, hata kama haina kosa lolote ndani yake.

Sasa tuje kwenye jambo zito, nalo ni kukaa katika nyumba ya mwenzako. Wageni wanaotutembelea huona kambi, kwa sababu hema zinaonekana barabarani. Lakini huku mashariki mwa Kongo, tangu miaka mingi, wakimbizi wa ndani walio wengi wamepokelewa katika familia. Nyumba ya watu sita inakuwa ya watu kumi na wanne kwa usiku mmoja. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine husikia methali hiyo kama kufukuzwa. Sisi tunaisikia vingine: mtu aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa wa nyumba, ana kazi na ana sauti.

Kinachovunja upendo huo mara nyingi ni kunyamaza. Chumvi inaisha, sabuni inaisha, choo kinajaa. Mwenye nyumba anapunguza chakula chake wala hasemi. Mgeni anaona, naye hasemi. Mwishoni watoto ndio wanaosema, wakirudia maneno waliyoyasikia usiku nyuma ya ukuta. Ni afadhali wakubwa wa pande mbili wakae pamoja katika juma la kwanza, waulizane wazi: nani ataleta kuni, nani atapika lini, watoto watalala wapi, nani atachimba choo kipya. Na msaada ukija kwa jina la mgeni, utaingia katika chungu kipi? Swali hilo la mwisho linaumiza sana likichelewa. Kwa mashirika pia tunasema: kumpita aliyepokea watu wanane na kumpa mfuko wa unga mgeni peke yake ni kupanda ugomvi ndani ya nyumba moja.

Aliyepokea naye atazame yaliyotupata. Mwaka 1994 Goma ilipokea mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, moto wake ukapita katikati ya mji, na watu wa Goma kwa mamia ya maelfu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Mlima ulipasuka tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, nao wenyeji wa mji wakaomba mahali pa kulala Sake, Minova na Bukavu. Hata sambaza tunaowala si wenyeji wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayewauliza walitoka wapi.

Limebaki shamba. Mwezi wa pili 2025 kambi zilizouzunguka mji wa Goma zilivunjwa, na familia nyingi zikaelekea Rutshuru, Masisi na Nyiragongo. Wengi waliorudi walikuta mtu mwingine analima, pengine mtu aliyekimbia naye kutoka kijiji kingine. Zamani baba alikuwa akitembea mpakani pamoja na mtoto, akimwonyesha mti huu, jiwe hili, mfereji ule. Mahali ambapo hakuna karatasi, kutembea huko ndiko ushahidi. Kwa hiyo kabla ya kwenda mahakamani, ambako gharama ni kubwa, na kabla ya kuchukua panga, watafuteni majirani wa pande zote nne na mzee mmoja anayekijua kilima. Tembeeni mpaka wote pamoja, mchana, mbele ya shefu, na vijana wakiwapo. Anayelima aachiwe kuvuna alichopanda, na tarehe ya kuondoka ikubaliwe mbele ya mashahidi. Ikiwa mzee huyo bado yuko mbali katika ukimbizi, mpigieni simu, muiweke kwa sauti kubwa, ili pande zote mbili zimsikie kwa wakati mmoja.