Je, Wajua? Ligi ya Nairobi Iliyotikisa Dunia

Sisi wa Maretadu, Mbulu, tunajua mbio. Mbulu ilimtoa John Stephen Akhwari wa Olimpiki ya 1968, na Hanang ikamtoa Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Je, wajua kwamba kriketi nayo ni mchezo wa mbio? Wapigaji wawili hukimbia wakipishana kati ya wiketi mbili zilizo umbali wa mita 20 hivi, na kila wakibadilishana upande salama, timu huandikiwa mkimbio mmoja.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki iliwahi kucheza Kombe la Dunia la kriketi ikiwa timu moja? Ilikuwa Uingereza, mwaka 1975, katika Kombe la kwanza kabisa la wanaume. Wachezaji walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya nahodha Harilal Shah. Walifungwa mechi zote tatu. New Zealand walipata mikimbio 309, na Glenn Turner peke yake alifunga 171 bila kutolewa. Wetu wakajibu kwa 128. Lakini hawakuwa wachezaji wa kulipwa hao. Walikuwa watu wa vilabu, wenye kazi zao, na nawaheshimu kwa kusimama ova 60 zote siku ile, kila ova ikiwa mipira sita.

Mmoja wao, John Nagenda wa Uganda, alikuwa mwandishi wa riwaya. Mwingine, Don Pringle, alikuwa na mtoto aliyezaliwa Nairobi, Derek, ambaye baadaye aliichezea Uingereza fainali ya Kombe la Dunia la 1992.

Je, wajua kwamba mwaka 1981 Kenya ilijitoa katika timu hiyo ya pamoja ikasimama peke yake? Nguvu yake ilikuwa ligi ya Chama cha Kriketi cha Mkoa wa Nairobi, NPCA. Majina ya vilabu vyake yanasimulia historia ya jiji: Kanbis, Swamibapa, Cutchi Leva, Sir Ali Muslim, Sikh Union, Ruaraka, Stray Lions. Vingi vilianzishwa na jumuiya za Wahindi. Kisha vijana wa Kiafrika wakaingia na kuwa nyota. Steve Tikolo aliichezea Swamibapa. Kaka zake Tom na David nao waliichezea Kenya. Ndugu watatu wa ukoo wa Obuya walifanya hivyo hivyo.

Matunda yake? Februari 29, 1996, mjini Pune, India, Kenya ilifunga mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Mwaka 2003 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Wapo wanaosema ni bahati, kwa kuwa New Zealand walikataa kwenda kucheza Nairobi wakihofia usalama na Kenya ikapewa pointi bure. Sikubaliani nao. Sri Lanka walikwenda Nairobi wakapigwa kwa tofauti ya mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi 5, yaani akiwatoa wapigaji watano. Bangladesh na Zimbabwe nao walipigwa uwanjani.

Na Aasif Karim wa Mombasa! Alikuwa amestaafu, akaitwa tena kwa Kombe hilo la 2003 akiwa na miaka 39. Dhidi ya Australia alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu, akachukua wiketi 3. Kenya ilishindwa, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa yeye. Aliwahi pia kuiwakilisha Kenya katika tenisi.

Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Inauma.

Je, wajua kwamba viwanja vingi vya kriketi Afrika Mashariki vilikuwa na mikeka ya makumbi iliyotandikwa juu ya udongo mgumu? Udongo mgumu Maretadu tunao.

Na nchi yetu inasonga: Tanzania ilipata uanachama wake yenyewe katika baraza la kriketi la dunia mwaka 2001. Mwaka 2019 wanawake wetu walitwaa kombe la Kwibuka mjini Kigali, na katika mashindano hayo Fatuma Kibasu alivuka mikimbio 100 dhidi ya Mali. Kisha, mwaka 2025, vijana wetu wa chini ya miaka 19 wakafuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la rika lao, lile la 2026 la Zimbabwe na Namibia.