Mafuta ya Zeituni: Mnunuzi Hutazama Nini?

Ukiingia katika duka kubwa lolote la mjini na kufika penye rafu za mafuta ya kupikia, utaona kwamba kuna mahali watu husimama kwa muda mrefu kidogo. Hapo ndipo palipo na mafuta ya zeituni. Mtu huchukua chupa, akaigeuza, akatazama bei, akaguna, kisha akairudisha na kuchukua nyingine. Kuguna huko kuna sababu. Lita moja ya mafuta hayo huuzwa mara kadhaa ya bei ya mafuta tuliyoyazoea. Ili kuipata, zinahitajika kilo tano hivi za zeituni, pengine hata zaidi. Tena miti hiyo hungoja mvua kama mahindi yetu. Uhispania, nchi inayoongoza duniani kwa mafuta haya, ilipopatwa na ukame mwaka 2022 na 2023, mavuno yalipungua mno, na kufikia mwanzoni mwa 2024 bei zilikuwa zimepanda ajabu.

(Hapa Kenya tuna mzeituni wa mwituni, ule ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien. Lakini vitunda vyake ni vidogo mno, havikamuliki vya maana. Sisi twaujua zaidi kwa mbao, kuni na kusafishia vibuyu vya maziwa.)

Basi, mtu anayetoa pesa nyingi hivyo hutazama nini? Wengi huanza na rangi. Eti yakiwa ya kijani kibichi ndiyo bora, yakiwa ya manjano yamechujuka. La hasha! Rangi hutegemea aina ya zeituni na jinsi zilivyokuwa zimeiva siku ya kuchumwa. Wataalamu wanaopima mafuta haya kwa kuyaonja hutumia bilauri za rangi ya buluu, makusudi wasiione rangi yake isije ikawapotosha. Kuna na wale wanaoyatia kwenye friji, wakisema ya kweli ni lazima yagande. Jaribio hilo nalo halithibitishi kitu.

Jambo la pili ni ladha, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Watu hupenda mafuta laini, yasiyo na uchungu wowote. Wakiyaonja yakawasha koo hadi wakakohoa, wao husema yameharibika. Kumbe ni kinyume! Mafuta mapya yaliyokamuliwa vizuri huwa na uchungu kidogo na huwasha kooni. Mwasho huo hutokana na kitu ambacho wanasayansi walikipa jina la oleokanthali mwaka 2005, nacho hufanya kazi mwilini kwa namna inayofanana na dawa ya kutuliza maumivu. Mafuta yaliyoharibika kweli utayajua kwa harufu: hunuka kama njugu zilizokaa mno.

Kwa kuwa dukani huruhusiwi kufungua chupa na kuonja, itakubidi usome lebo. Maneno "extra virgin" maana yake ni mafuta bikira ya daraja la juu, yaliyokamuliwa kwa mashine tu bila kemikali, yenye asidi isiyozidi asilimia 0.8, na yasiyo na kasoro ya ladha. Yakiandikwa "virgin" pekee, asidi inaweza kufika asilimia 2. Neno "pomace" huonyesha kuwa mafuta yalitolewa katika mashudu yaliyobaki baada ya kukamua, kwa kutumia kemikali, kisha yakasafishwa. Yanalika, lakini usiyalipie bei ya yale ya kwanza. Na jihadhari na neno "light". Mama anayetaka kupunguza unene huliona akafurahi, lakini hapo wepesi ni wa rangi na ladha tu. Mafuta ni yale yale, na unene pia ni ule ule.

Sasa bei. Sisemi kila kilicho ghali ni kizuri, lakini mafuta ya zeituni yanayouzwa kwa bei ya kutupa yanapaswa kukutia shaka. Mwaka 1981 nchini Uhispania, wachuuzi waliuza sokoni na nyumba kwa nyumba mafuta ya bei nafuu ndani ya madebe ya plastiki yasiyo na lebo, wakisema ni ya zeituni. Kumbe yalikuwa mafuta ya mbegu yaliyotiwa kemikali ya anilini, yakakusudiwa viwanda wala si sufuria. Watu wapatao 20,000 waliugua, na zaidi ya 300 wakafa. Wengi wao walikuwa watu wa kipato kidogo waliotafuta unafuu tu. Wahenga waliosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakuwa wakitania.

Kitu ambacho wanunuzi wachache hukitazama, nami nakiona kikubwa kuliko vyote, ni umri na chupa. Mafuta haya si kama divai; hayaongezeki uzuri yakikaa. Tafuta tarehe ya kuvunwa ikiwa imeandikwa, na uchague ya karibuni; yakishapita miaka miwili huwa yamepoteza mengi. Mwanga nao huyaua. Kwa hiyo chagua chupa nyeusi-nyeusi au mkebe, na uchukue ile iliyokaa nyuma ya rafu, si ile inayomulikwa na taa mchana kutwa. Vile vichupa vidogo vya duka la dawa, ambavyo watu hununua kwa ajili ya nywele na ngozi ya mtoto, viache kwa kazi hiyo hiyo.

Ukishafika nyumbani, weka chupa kabatini mbali na jiko, na ukiifungua uitumie ndani ya miezi michache. Kuna nyumba ambazo chupa hiyo huwekwa kwa ajili ya wageni tu, toka Krismasi hii hadi ile. Mgeni akifika, anakaangiwa mayai kwa mafuta yanayonuka njugu za mwaka juzi, na kwa adabu zake anasema ni matamu.