Hakuna Nyota Bila Upande wa Pili

Nyumbani kwetu Temeke haikuwezekana kumpenda mwimbaji hivi hivi. Ukishampenda mmoja, ilikulazimu uwe na wa kumzomea. Baba alikuwa wa bendi ya Sikinde, na jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa wa bendi ya Msondo. Wangekuwa upande mmoja, sijui Jumapili asubuhi wangeongea nini. Mimi Sikinde nimeirithi kama watu wanavyorithi dini. Sikuulizwa.

Siku hizi nasikia ikisemwa kwamba kushabikia watu maarufu ni ugonjwa ulioletwa na televisheni na simu. Sisi mashabiki wa kawaida tunajua si kweli. Nenda Usukumani. Wasukuma walikuwa na namna ya kupima umaarufu kabla redio ya kwanza haijafika Mwanza, na hadi leo sijaona iliyo ya haki zaidi. Wachezaji wa ngoma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, na asili yao inaelezwa kuwa ni mashindano ya waganga wawili, Ngika na Gumha. Mavuno yakishaingia ghalani, mwezi wa sita na wa saba, pande hizo hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, huku na huku. Aliyekusanya watu wengi ndiye mshindi.

Fikiria maana yake kwa mtazamaji. Huwezi kuwa huku na kule. Miguu yako ndiyo kura yako. Kule wakianza kishindo, vumbi likatimka, nusu ya watu wanakimbia, na kiongozi wa ngoma hii anabaki akiwaona wanavyommwaga. Lazima abuni kitu pale pale: mchezo mpya, vazi la ajabu, wimbo wa kumchoma mwenzake. Ndiyo maana viongozi wa ngoma walitafuta na dawa za mvuto, na sioni kwa nini tuwacheke. Bujora, nje kidogo ya jiji la Mwanza, ambako Padre David Clement aliasisi makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo yaliunganishwa na Sikukuu ya Ekaristi, na sherehe yake inaitwa Bulabo. Hata kanisa liliona kuwa hapa haliwezi kuondoa upinzani. Likaupa tarehe.

Pwani nako hivyo hivyo. Ngoma ya beni ilipotamba mwanzoni mwa karne ya 20, na matarumbeta yake na sare na vyeo vya kijeshi vya kujipachika, Dar es Salaam iligawanyika kati ya Marini na Arinoti. Mombasa, wanawake wa ngoma ya lelemama walikuwa Ibinaal Watan au Banu Saada, na walishindana kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa karamu. Simba na Yanga sizisemi. Wino ungeisha na makolo, watu wa Simba, wasinielewe.

Lakini muziki wa dansi ndio ulionifundisha kwamba nyota mwenyewe si mwenye mali. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz, ambayo ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na watu wakaiita Msondo. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ndiyo Sikinde, na miongoni mwa waliotoka NUTA kwenda kuianzisha alikuwa Muhidin Maalim Gurumo, sauti ambayo mashabiki walidhani ni yao milele. Miaka ya themanini akaondoka huko pia akaenda Orchestra Safari Sound, na mwishowe akarudi Msondo, akazeekea hapo. Hassan Rehani Bitchuka naye akahama na kurudi, akahama tena. Baba hakuhama. Gurumo alipokuwa Sikinde alikuwa mwimbaji bora nchini; aliporudi kule, baba aligundua kwamba siku zote sauti ile ilikuwa na kasoro fulani. Alipofariki mwezi wa nne mwaka 2014, baba alikaa na yule jirani barazani, kila mmoja akidai miaka mizuri ya marehemu ilikuwa ya upande wake. Huo ndio ulikuwa msiba wao, na sijaona mtu aliyeliliwa vizuri zaidi.

Wanawake wa nyumba yetu walikuwa na vita vyao, vya taarab. Miaka ya tisini bendi ya TOT ya Kapteni John Komba ilikuwa na Khadija Kopa, na Muungano ya Norbert Chenga ilikuwa na Nasma Khamis Kidogo. Shangazi alikuwa Kopa, mama mdogo alikuwa Nasma, na mimi nilikuwa wa kubeba mikoba. Ukumbini nilijifunza kutunza kunavyofanyika. Mtu haendi kutoa noti kwa sababu wimbo ni mtamu tu. Anasubiri ubeti wake, ule unaomsema mwenye wivu au mwenye kufuatilia ya watu, ndipo anainuka, anakwenda kwa madaha akipunga noti juu, anazunguka mpaka apite mbele ya aliyemkusudia, kisha anamfikia mwimbaji. Mwimbaji anaimba, lakini aliyesema ni mtoa noti. Na jina halitajwi. Ukilalamika umesemwa, umejitaja mwenyewe, na ukumbi mzima utacheka.

Sheria hiyo ndiyo ninayoitafuta kwenye simu na siioni. Timu Kiba na Timu Mondi, mashabiki wa Ali Kiba na wa Diamond, ni watoto halali wa Marini na Arinoti. Sina ugomvi na kugawanyika kwao. Ninachokikosa ni ufundi. Jina linatajwa, mama wa mtu anatukanwa, na anayetukana yuko chumbani peke yake, hana wa kumkodolea macho. Halafu wamekuja chawa, watu wanaolipwa kusifia. Kwa Wasukuma mtu wa namna hiyo angekuwa na kazi ngumu: angelazimika kusimama juani siku nzima kwenye ngoma mbovu.

Hata hivyo pande zenyewe zinajua kutembea. Mwaka 2020 Wasafi, lebo ya Diamond, ilimtambulisha Zuchu, binti wa Khadija Kopa. Shangazi, ambaye kabla ya hapo aliuita muziki wa vijana kelele za bodaboda, akawa Wasafi siku ile ile. Wimbo anaoujua vizuri ni mmoja, Mauzauzo, kwa sababu humo mama na binti wanaimba pamoja. Mama mdogo hakuchelewa. Alimwita mjukuu wake, akamwomba amwekee za Ali Kiba kwenye simu, na amwekee sauti ya juu.